Tezi ya Thairoidi Inapofanya Kazi Chini ya Kiwango: Kutafuta Chanzo Dalili kwa Dalili

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na kazi yake ni kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazopanga kasi ambayo mwili hutumia chakula, huzalisha joto, husukuma damu na hata hufikiri. Malighafi yake kuu ni madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi. Tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo huisimamia kwa kutuma homoni iitwayo TSH, ambayo ni kama hodi: mwenye nyumba asipoitika, mgeni hupaza sauti. Ndiyo maana thairoidi inapozembea, T4 katika damu hushuka lakini TSH hupanda.

Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba hauna dalili hata moja iliyo yake peke yake. Uchovu una sababu nyingi, na vivyo hivyo kuongezeka uzito, kufunga choo na kukatika nywele, na hapa Tanga sababu hizo nyingine mara nyingi ndizo za kawaida zaidi. Kwa hiyo kila dalili hapa chini inaanza na chanzo kinachoonekana mara nyingi, kisha kile cha nadra. Thairoidi ishukiwe zaidi pale dalili tatu au nne zinapokuja pamoja, zikiwa zimejijenga polepole kwa miezi, hasa kwa mwanamke, kwa kuwa wanawake huugua ugonjwa huu mara kadhaa zaidi ya wanaume, au kwa mtu aliyewahi kupasuliwa shingo au ambaye ndugu zake wa damu wana tatizo hilo.

Uchovu na usingizi usiokwisha

Chanzo cha kwanza kuchunguzwa ni upungufu wa damu, unaoletwa na malaria ya mara kwa mara, minyoo ya safura, hedhi nyingi au ujauzito. Vuta chini kope la chini mbele ya kioo penye mwanga. Nyama ya ndani ikiwa imepauka badala ya kuwa nyekundu, nenda zahanati ukapime wekundu wa damu na malaria siku hiyo hiyo. Kinachofuata ni usingizi wenyewe: anayeamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua vya kuuza na kulala saa sita usiku hana ugonjwa wa kutafutwa maabara. Kisha kisukari, hasa pakiwa na kiu na kukojoa sana. Kisha huzuni ya muda mrefu. Kisha kifua kikuu na VVU, ambavyo kwa kawaida hupunguza uzito. Thairoidi inakuja baada ya hayo.

Uchovu wake una sura yake. Mtu hulala kwa muda wa saa kumi na kuamka vilevile, maneno humtoka polepole, husahau alichotumwa sokoni, na mara nyingi wa kwanza kuligundua hilo ni watu wa nyumbani, si yeye. Jambo moja hupita bila kuonekana: thairoidi iliyolegea inaweza yenyewe kusababisha upungufu wa damu. Mtu aliyemeza vidonge vya kuongeza damu kwa miezi miwili au mitatu sawasawa na wekundu haupandi, aombe kipimo cha TSH badala ya kuandikiwa vidonge vilevile tena.

Acha kujichunguza na uende hospitali upesi uchovu ukiambatana na maumivu ya kifua, kuzimia, kushindwa kupumua ukilala chali, au mapigo ya moyo yaliyo chini ya 50 kwa dakika pamoja na kizunguzungu.

Kuhisi baridi wakati wengine wanatokwa jasho

Kati ya Januari na Machi, upepo wa kaskazi unapovuma na watu wakilalia mikeka barazani, anayezima feni na kujifunika kitenge mchana anapaswa kuulizwa. Swali la kwanza ni la homa: baridi yenye kutetemeka kwa kawaida ni malaria au maambukizi mengine, na kipimajoto kitasema. Mwenye homa ana joto la juu, ilhali mwenye thairoidi dhaifu ana joto la kawaida au la chini kidogo, ngozi yake ni baridi na kavu, wala hatetemeki. Upungufu wa damu na lishe duni huja kabla ya thairoidi hapa pia. Kipimajoto kikisoma chini ya nyuzi 35 na mgonjwa ni mzito wa kuitika, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Uzito kuongezeka na uso kuvimba

Thairoidi husingiziwa makosa mengi kuliko iliyoyatenda. Uzito unaotokana nayo kwa kawaida ni kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi vilivyobaki mwilini, si mafuta. Aliyeongeza kilo 15 kwa mwaka atazame kwanza chai ya sukari, soda, vyakula vya kukaanga na kiasi anachotembea. Onyo la wazi lifuate hapa: vidonge vya thairoidi si dawa ya kupungua. Anayevimeza bila kuvihitaji hujiletea mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na mifupa dhaifu.

Uvimbe una jaribio rahisi. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya ugoko, juu ya mfupa, kwa sekunde 10, kisha achia. Kikibaki kishimo, sababu za kawaida ni figo, moyo, ini au ujauzito, na kipimo cha kwanza ni cha mkojo na presha. Kishimo kisipobaki, ngozi ikiwa nene na kavu, kope zimevimba asubuhi na nyusi zimenyonyoka upande wa nje, thairoidi inapanda juu ya orodha. Mjamzito aliyevimba uso na ana maumivu makali ya kichwa au anaona maruweruwe asisubiri jaribio lolote. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba na ni dharura ya saa hiyo.

Choo kigumu, ngozi kavu, nywele kukatika, sauti nzito, ganzi

Haya yapite haraka, kwa kuwa kila moja likiwa peke yake mara nyingi lina sababu ndogo. Choo kigumu hutokana na maji machache, mboga chache na vidonge vya kuongeza damu. Nywele hukatika kwa dawa za kunyoosha, kusuka kwa kubana na miezi ya baada ya kujifungua. Ganzi ya vidole usiku ipimiwe kisukari kwanza. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu ionwe na daktari wa koo hata kama TSH ni nzuri. Yakiwa yote kwa mtu mmoja, hesabu inabadilika.

Hedhi, ujauzito na maziwa

Hedhi nyingi husababishwa zaidi na vivimbe vya mji wa mimba na baadhi ya njia za uzazi wa mpango. Thairoidi ni chanzo cha tatu au cha nne, lakini kipimo chake ni rahisi kuliko upasuaji, hivyo kitangulie. Mke na mume wanaochelewa kupata mtoto wapimwe wote wawili, na TSH iwe miongoni mwa vipimo vya mke.

Mwanamke anayetumia dawa ya thairoidi akishika mimba, mahitaji yake ya dawa hupanda mapema, mara nyingi kwa asilimia 25 hadi 50, na mtoto katika wiki za mwanzo hutegemea homoni za mama kwa ukuaji wa ubongo. Asisubiri mimba ionekane ndipo aende kliniki. Aende mara tu kipimo kinapothibitisha, aseme anameza dawa gani na kiasi gani, na asiiache kwa kuambiwa na jirani kwamba vidonge ni vibaya kwa mimba, kwa kuwa kwa dawa hii hatari iko katika kuiacha.

Baada ya kujifungua kuna mambo mawili. La kwanza ni uvimbe wa tezi unaotokea ndani ya mwaka wa kwanza: mama kwanza hupatwa na mapigo ya haraka na wasiwasi, kisha baada ya miezi huzama katika uchovu na huzuni, na watu wa nyumbani husema ni malezi. La pili ni nadra zaidi lakini zito. Mama aliyemwaga damu nyingi sana wakati wa kujifungua, ambaye maziwa hayakutoka kabisa na hedhi haikurudi hata miezi mingi baadaye, huenda tezi yake ya chini ya ubongo iliharibika kwa kukosa damu. Daktari wa Uingereza, Harold Sheehan, alieleza hali hiyo mwaka 1937. Kwa mama huyo TSH peke yake hudanganya, kwa sababu mpiga hodi ndiye mgonjwa: TSH inaweza kusomeka ya kawaida huku T4 ikiwa chini. Huyu apimwe T4 na pia kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, na asianzishiwe dawa ya thairoidi kabla kotisoli haijajulikana, kwani kuitanguliza kunaweza kumwangusha vibaya. Hili si jambo la kuamuliwa zahanati; ni la daktari bingwa.

Mtoto mchanga asiyelia kwa nguvu

Mtoto anayelala mno, anayenyonya kivivu na kusinzia titini, husifiwa kuwa mpole. Mara nyingi ni mpole kweli, au hashibi, au ana maambukizi. Lakini akiongeza umanjano uliovuka wiki mbili, choo cha nadra, ulimi mkubwa unaochungulia, kitovu kilichochomoza, mwili uliolegea na kilio cha sauti nzito, inawezekana alizaliwa na thairoidi isiyofanya kazi. Hapa siku zina thamani: mtoto anayeanza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, au hata ndani ya mwezi, kwa kawaida hukua na akili timamu, ilhali anayechelewa miezi hupoteza kisichorudi. Mpeleke kwa daktari wa watoto na utaje neno thairoidi mwenyewe. Mtoto anayekataa kunyonya kabisa, aliye wa moto au wa baridi kupita kiasi, ni dharura.

Uvimbe shingoni

Simama mbele ya kioo na glasi ya maji, inua kidevu, meza funda moja. Uvimbe wa thairoidi hupanda na kushuka pamoja na kumeza; tezi za kawaida za pembeni, zinazovimba kwa maambukizi ya meno au koo, hazipandi hivyo. Rovu, yaani uvimbe huo wa thairoidi, halimaanishi kwamba homoni ni chache. Zinaweza kuwa sawa, chache au nyingi, na kipimo tu ndicho kinachoamua.

Duniani kote chanzo kikubwa cha rovu ni upungufu wa madini joto. Ukanda wetu una samaki wa baharini, wanaosaidia, lakini pia una mashamba ya chumvi ya wazalishaji wadogo, na chumvi inayouzwa kwa kopo bila pakiti huenda haikutiwa madini hayo. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, kisha itunze: ndani ya chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa sufuria na jua la dirishani, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Ile bakuli iliyo wazi pembeni ya jiko, chumvi ikiwa imelowa na kushikana, inapoteza madini yake kidogo kidogo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha 250, kwa hiyo wala hakuna haja ya kuongeza chumvi. Mwenye presha abaki na kiasi kidogo, iwe tu ya aina sahihi.

Watu huuliza kuhusu bada, yaani ugali wa muhogo. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huacha mwilini kemikali zinazozuia tezi kutumia madini joto, lakini hilo huwa tatizo hasa pale madini yenyewe ni haba. Muhogo uliolowekwa na kuanikwa vizuri, ukaliwa na samaki kama ilivyo desturi, sioni sababu ya kuuondoa mezani.

Mwani ni habari nyingine. Unalimwa pwani yetu, na unga wake huuzwa kama tiba ya shingo. Madini joto yakizidi, nayo huifunga tezi, na hakuna anayejua kijiko kimoja cha unga huo kina kiasi gani. Mwenye rovu asijitibu kwa mwani.

Chanzo cha pili ni ugonjwa ambao Hakaru Hashimoto wa Japani aliueleza mwaka 1912, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi yake yenyewe; mahali penye madini joto ya kutosha, huo ndio unaoongoza. Kisha huja vinundu, na mwisho saratani, ambayo ni ya nadra. Usisubiri kama uvimbe unakua haraka, ni mgumu kama jiwe, unabadilisha sauti, au unazuia kumeza na kupumua.

Majibu ya vipimo yanachanganya

Zahanati nyingi hazipimi TSH. Uliza hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo au maabara iliyosajiliwa. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni takriban 0.4 hadi 4.0, lakini soma kile kilichochapwa kwenye karatasi yako, kwa kuwa mashine hutofautiana. TSH ya juu na T4 ya chini ni ugonjwa kamili. TSH iliyopanda kidogo, chini ya 10, na T4 nzuri, kwa mtu asiye mjamzito mara nyingi inahitaji kurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya dawa yoyote, kwani baadhi hurudi zenyewe.

Yapo mambo yanayopotosha karatasi. Ugonjwa mkali uliopita karibuni ni mojawapo. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye biotini ni jingine, na viachwe angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Mwambie daktari pia kama unatumia amiodaroni ya moyo, lithiamu ya akili, au ethionamidi ya kifua kikuu sugu. Zote zinaweza kuilegeza tezi kwelikweli.

Unameza dawa lakini hupati nafuu

Hili ndilo lalamiko ninaloliona likirudiwa kuliko yote, na kabla ya kiasi cha dawa kuongezwa, inapaswa kutazamwa namna inavyomezwa. Mazungumzo ya mtaani Ngamiani, hapa Tanga, huwa hivi:

"Shikamoo bibi. Dawa ya shingo unaimeza saa ngapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Asubuhi, na chai yangu ya maziwa, pamoja na vile vya damu, nivimalize vyote kwa mkupuo."

Hapo ndipo dawa inapopotelea. Levothairoksini, ambayo ndiyo dawa hiyo ya thairoidi, inapaswa kumezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai au kahawa. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia vitenganishwe nayo kwa saa nne, kwani huishika tumboni isifyonzwe. Asiyeweza asubuhi anaweza kumeza usiku, ukipita muda wa saa tatu au zaidi baada ya kula. Mwezi wa Ramadhani, wengi huchagua usiku huo au nusu saa hadi saa moja kabla ya daku; kilicho muhimu ni kukubaliana na daktari mapema badala ya kuiacha mwezi mzima.

Sababu ya pili ni kuruka siku. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake hubaki hata baada ya wiki, kwa hiyo anayeiacha hujiona mzima kwa siku kadhaa na kuamini kwamba amepona, kisha hudidimia. Kwa sababu hiyohiyo nafuu huja polepole, na TSH hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, si baada ya siku kumi.

Ya tatu ni utunzaji. Kidonge hiki huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na maelezo ya vidonge vingi hutaka vikae chini ya nyuzi 25, kiwango ambacho nyumba ya bati mjini Tanga hukipita karibu kila mchana. Viache ndani ya pakiti yake, mahali pa kivuli palipo baridi kuliko pote nyumbani, si juu ya friji kunakotoka joto, wala katika kifuko cha plastiki kwenye mkoba. Usinunue miezi sita kwa mpigo.

Baada ya hayo ndipo yafuate maswali ya kina: dawa mpya kama rifampisini au za kifafa, ambazo huimaliza haraka; ujauzito; uzito uliobadilika; ugonjwa wa tumbo. Kiasi kamili cha dawa kwa mtu mzima huwa karibu mikrogramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, lakini mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa kidogo mno, jumla ya mikrogramu 12.5 au 25 kwa siku, na kupandishwa taratibu. Usijiongezee. Moyo kwenda mbio, kutetemeka mikono, jasho na kukosa usingizi ni ishara kwamba kiasi kimezidi. Maumivu ya kifua ni sababu ya kwenda hospitali sasa. Na kama TSH imekaa sawa kwa miezi lakini uchovu upo palepale, rudi kwenye dalili ya kwanza ya mwongozo huu, kwa sababu mtu anaweza kuwa na thairoidi iliyotibiwa na safura isiyotibiwa kwa wakati mmoja.

Pale ambapo hakuna cha kuchunguza nyumbani

Mgonjwa wa thairoidi iliyolegea, mara nyingi mzee aliyeacha dawa au ambaye hakuwahi kupimwa, hupata nimonia au hupewa dawa ya usingizi, kisha huanza kuchanganyikiwa, mwili unakuwa wa baridi, pumzi zinakuwa chache na moyo unakwenda polepole. Anaweza kufariki hata akiwa ndani ya gari. Usimpe chochote cha kumeza, maana kitampalia. Mfunike kwa mablanketi lakini usimpashe kwa moto wala chupa za maji ya moto, kwani mishipa ya ngozi ikifunguka ghafla presha huanguka. Mlaze ubavu, tafuta usafiri unaomwezesha kulala badala ya bodaboda, mpeleke hospitali yenye wodi ya uangalizi, na ubebe pakiti za dawa zake zote pamoja na karatasi ya mwisho ya vipimo, ukimwambia anayempokea mlangoni kwamba mgonjwa ana tatizo la thairoidi.